Mwambie Bado Kuna Baridi

Shanghai, 9 Oktoba 1982

Wifi Guizhi,

Pole na kazi za jikoni, na pole na baridi, maana najua huko mmeshaanza kuziba nyufa za madirisha kwa karatasi. Barua hii anakuletea Bwana Cao, fundi wenu wa matrekta aliyekuja huku kutibiwa macho. Amekubali pia kubeba kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Kifungue siku hiyohiyo, na usikiweke karibu na jiko.

Ndani mna vitawi vitano vya waridi. Ni lile waridi jekundu la uchochoroni petu, chini ya dirisha la mama yangu, ambalo nilikuwa namsimulia Xiaoman mpaka anapata usingizi. Barua yake ya mwisho, ile uliyomshika mkono akaandika, ina swali moja tu: Mama unakuja lini. Ameliandika mara nne, na mara ya nne herufi zimenyooka kuliko za mwanzo. Nimekaa nayo wiki mbili, naitoa mfukoni naisoma tena.

Unajua nilivyo hapa. Chumba ni kimoja, tumo mama, kaka yangu, mkewe na mimi, nami nalala juu ya meza ya kulia. Kiwandani karatasi zinasema sijawahi kuwa na mume wala mtoto, na ndivyo nilivyoipata kazi. Wewe na marehemu kaka yako Deshan ndio mlionisukuma nitie sahihi ile talaka ya karatasi ili niruhusiwe kurudi mjini, mkasema nikishapata pa kusimama nitawavuta na wenzangu. Deshan akaangukiwa na mti kabla sijasimama.

Basi mwambie mtoto hivi: ayatunze mawaridi ndani msimu wote wa baridi, na yakishapandwa nje, mama yake atakuja. Ni ahadi. Mama yangu anasema yapandwe siku ya kufagia makaburi, Aprili mwanzoni. Siku hiyo hata fimbo ukiichomeka inaota.

Wifi yako,
Wenqiu

*

Shambani, Heilongjiang, 2 Novemba 1982

Wifi,

Kifurushi kimefika, na Bwana Cao naye kafika. Jicho moja bado linamtoka machozi, ila anaona vya kutosha kuimaliza pombe yangu.

Umeishi hapa miaka kumi, umevuna ngano nasi, masikio yako yamewahi kuganda yakachubuka, halafu leo unaniambia nipande waridi siku ya kufagia makaburi! Siku hiyo mwaka huu tulikwenda kwa Deshan na shoka, tupasue barafu tupate pa kuchomeka ubani. Mji umekulevya, wifi.

Nimefanya hivi. Nimevikata upya chini ya kifundo, nikapukutisha majani nikabakiza mawili ya juu, nikavichomeka kwenye makopo ya nyama yenye mchanga wa mtoni niliouchemsha kwanza. Kila kimoja nimekifunika kwa chupa ya glasi. Vipo dirishani, juu ya kitanda chetu cha matofali, moto ukipita chini navyo vinapata joto. Vikitoa mizizi vitakaa papo hapo hadi mwisho wa Mei. Huku miche haitoki nje kabla ya siku ya kuzaliwa ya Xiaoman, ile siku ya kalenda ya wakulima tuliyompa jina lake, na hata hapo unaizoesha kwanza: mchana nje, jioni ndani, siku kadhaa. Ukiitoa kwa pupa, jalidi ya alfajiri inaichoma ikawa nyeusi kama majani ya chai.

Ahadi yako nimemfikishia. Ningependa usingeitoa. Hakuruka wala hakupiga kelele. Alikwenda akakaa mbele ya makopo kama mtu anayengoja chungu kichemke. Jioni akaniuliza Mei inakuja baada ya mwezi gani.

Msalimie mama yako. Mwambie huku fimbo ukiichomeka Aprili inavunjika.

Guizhi

*

Shanghai, 1 Februari 1983

Wifi Guizhi,

Heri ya mwaka mpya wa kalenda ya wakulima kwako na kwa mwanangu. Natumai mapeasi mmeshayagandisha nje, na kwamba kabichi yenu imechacha vizuri. Huwezi kuamini, ile harufu niliyoilalamikia miaka kumi sasa naitafuta sokoni siipati.

Nimetuma sweta, peremende za maziwa, na jozi ya viatu vya kitambaa vyekundu. Viatu nimevishona mwenyewe kiwandani wakati wa chakula cha mchana. Mwenzangu mmoja aliniuliza ni vya nani, nikasema vya mtoto wa kaka, na kaka yangu hana mtoto.

Kuanzia sasa barua usitume nyumbani. Tuma kwa Lu Peizhen, mlinzi wa lango la kiwanda, naye atanipa mkononi. Mke wa kaka yangu ana tabia ya kufungua barua za watu. Hakuna jambo lingine.

Nimeomba likizo ya mwezi wa tano, msimamizi amesema ataangalia. Mawaridi yana hali gani? Yametoa majani?

Wenqiu

*

Shambani, 6 Machi 1983

Wifi,

Vitawi viwili vilioza. Vitatu vina mizizi. Juzi nilikitikisa kimoja nikasikia kimeshika mchanga. Vimetoa majani madogo mekundu. Xiaoman anaviamkia asubuhi kabla hajaniamkia mimi, na anavisimulia habari zako, nyingi kazizua mwenyewe. Katika hadithi zake wewe ni mrefu kuliko mlango.

Viatu vinamwingia vidole tu. Wewe umemshonea mtoto uliyemwacha, wifi, na yule hayupo tena. Huyu anafikisha miaka saba. Nilimwambia tumpe binti wa jirani, akakataa. Usiku anavivaa mikononi.

Sasa nakuuliza jambo, unijibu. Unakuja kumtembelea, au unakuja kumchukua? Mke wa Cao anasema msimu huu watoto watatu wa shamba hili wamefuatwa na wazazi wao wa Shanghai, wamevishwa makoti mapya, wamekwenda zao. Sisemi usimchukue. Ni wako. Wapishi wenzangu jikoni husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi hata mimba sikujaliwa, nimeifanya hiyo moja tu. Nataka nijue mapema ili nianze kuzoea. Kumbuka hata mche haung'olewi dirishani ukatupwa nje siku moja.

Guizhi

*

Shanghai, 5 Aprili 1983

Wifi Guizhi,

Leo ni siku ya kufagia makaburi, na mvua imetunyeshea tangu asubuhi. Tulikwenda kwa marehemu baba watu watano, tukang'oa magugu, tukala mikate ya kijani ya unga wa mchele tuliyobeba. Waridi la uchochoroni limeshafunga vitumba.

Nimefurahi kusikia vitatu vimeshika. Usiharakishe kuvitoa nje. Nimefikiri, nimeona wewe ndiye unayeijua hali ya hewa ya huko. Ukiona Mei bado kuna baridi, ngoja Juni. Ukiona Juni bado, ngoja tena. Mwambie Xiaoman bado kuna baridi, ataelewa, ni mtoto mwelevu.

Kazi ni nyingi. Nitaandika tena.

Wenqiu

*

Shambani, 20 Aprili 1983

Wifi,

Oktoba ulitaka tupande Aprili. Aprili unataka tungoje Juni, na baada ya Juni tungoje tena. Nani kakufundisha subira ghafla namna hiyo?

Nilikuuliza swali, ukanijibu habari za mikate. Sawa. Ila kuhesabu najua. Kwenu mko wanne: mama yako, kaka yako, mkewe na wewe. Makaburini mlikuwa watano. Mtu hapelekwi kwenye kaburi la baba mkwe bure. Ni nani?

Niandikie kweli yote, hata kama ni chungu. Mimi si mtoto wa kubembelezwa na peremende.

Guizhi

*

Shanghai, 18 Mei 1983

Wifi Guizhi,

Anaitwa Jiang. Anafanya kazi kiwanda cha balbu, na ana chumba chake mwenyewe, chenye dirisha. Ni mtu mpole. Anaamini kule kaskazini nilikaa miaka kumi peke yangu, nikivuna ngano na kuimba. Tunaandikisha ndoa mwezi ujao.

Nimefungua mdomo kumwambia si mara moja. Kila nikianza naona yatakayofuata: kiwandani watajua nilidanganya, kazi itakwenda, Jiang naye atakwenda na chumba chake, na mama yangu atakufa akinitazama nalala juu ya meza. Nina miaka thelathini na mbili, wifi. Nimechoka mpaka mifupa.

Siji. Siji kumchukua, wala siji kumtembelea, kwa sababu nikimwona sitaweza kurudi. Ulifikiri nitakunyang'anya. Laiti ningekuwa na mahali pa kumnyang'anyia.

Nakuomba jambo moja, na baada ya hili sitakuomba tena. Mwambie mawaridi yamekufa kwa baridi. Kama bado yako makoponi, yatupe siku hayupo, umwambie hivyo. Ahadi ilikuwa ya mawaridi. Yakifa, ahadi nayo imekufa na hakuna aliyeivunja. Akiichukia baridi ataishi nayo, kwani huko nani haichukii? Sitaki anichukie mimi.

Wenqiu

*

Shambani, 24 Mei 1983

Wifi,

Jibu lako halijafika, nami siwezi kungoja.

Mwaka huu joto limewahi, na tangu wiki iliyopita majirani wote wametoa miche ya kabichi na nyanya. Siku ya kuzaliwa ya Xiaoman ilikuwa juzi. Nilimchemshia yai, nikamviringishia tumboni kama ilivyo ada, nikamwambia mawaridi yangoje, bado kuna baridi. Alitazama nje, akaona kabichi za watu zimesimama juani, akanitazama mimi. Nakwambia ukweli: baridi haikuwepo. Nilijua yakitoka nje utakuja, na ukija utaondoka naye. Wewe unasema bado, mimi nasema bado, na mtoto yuko katikati anatuamini wote wawili.

Jana niliporudi kutoka jikoni nilikuta makopo matupu. Ameyapanda mwenyewe chini ya dirisha, kwa kijiko, na kila moja kalizungushia vijiti kuku wasikwanguekwangue. Mimi nilikuwa sijayazoesha jua wala upepo hata siku moja. Nilidhani yatanyauka, lakini leo yamesimama, na moja lina jani jipya.

Akanawa uso, akavaa sweta yako, akaenda kukaa pale basi linaposimama. Nimemrudisha kwa chakula cha jioni. Amesema, "Shangazi, sasa yako nje. Atakuja na basi la asubuhi au la jioni?"

Kwa hiyo njoo, wifi. Njoo umchukue, mimi nitajua la kufanya na nafsi yangu. Kama huji, sema.

Guizhi

*

Shambani, 9 Juni 1983

Wifi,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nilipewa na tarishi Xiaoman akiwa kasimama hapohapo, maana kila siku yuko pale basi linaposimama. Nilisoma, yeye ananitazama midomo. Akauliza mama amesema nini. Nikamwambia amesema tuyafunike vizuri.

Nilikaa na maneno yako siku nyingi. Ulitaka nimwambie yamekufa, na yenyewe yako chini ya dirisha yanatoa majani. Mtoto ana macho.

Tarehe sita jioni mbingu ilitakata mno, upepo ukatulia kabisa. Hujasahau maana yake, nadhani. Spika ya shamba ikatangaza jalidi, na watu wote wakatoka na nyasi kavu, ndoo na masufuria kufunika miche. Xiaoman aliyafunika mawaridi kwa beseni lake la kuogea, akaweka tofali juu. Aliniuliza kama yatasikia baridi, nikamwambia hayatasikia. Alipolala, nilitoka nikaliondoa beseni. Kabla hajaamka nikalirudisha, na tofali lake juu.

Yaliungua yote matatu. Lakini waridi ni bishi, likiungua juu linaweza kuchipua tena kutoka chini. Nalijua hilo. Kwa hiyo niliyang'oa asubuhi ileile mbele yake, nikasema yamekwisha.

Usidhani nimefanya haya kwa ajili yako. Nilipofika pale ulipoandika huji, moyo wangu ulifurahi, wifi. Ulifurahi kwanza, halafu ndipo ukamhurumia mtoto. Mtoto atabaki kwangu, na sasa kila nikimsuka nywele naona aibu ya mikono yangu.

Hakulia. Alilichukua beseni akaliinua juani, kutazama kama lina tundu.

Olewa salama.

Guizhi

*

Shanghai, 30 Juni 1983

Wifi Guizhi,

Nimeisoma barua yako msalani kiwandani, kisha nikairarua. Nilikuomba useme, sikukuomba utende. Lakini sina haki ya kukulaumu, na nimejaribu.

Tumeshaandikisha. Jiang ameninunulia kitanda. Usiku wa kwanza nilijinyoosha nikashindwa kulala kwa sababu ya nafasi.

Nijibu jambo moja tu, halafu usiniandikie tena, Peizhen anaogopa. Anamlaumu nani? Ni baridi, au ni wewe, au amejua ni mimi? Niambie ilivyo. Ukiniambia ni baridi, nitaweza kuishi.

Wenqiu

*

Shambani, 11 Oktoba 1983

Wifi,

Uliuliza anamlaumu nani. Sikukujibu kwa sababu sikujua, hataki kunizungumzia jambo hilo. Septemba ameanza shule. Jana ameleta karatasi hii na kuniomba niitume. Sikumshika mkono wala sikumwambia la kuandika. Bwana Jiang asiione.

Guizhi

*

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo na shangazi hajambo. Niko darasa la kwanza. Barua hii naandika peke yangu, herufi ambazo sijafundishwa nimemuuliza mwalimu.

Mawaridi yamekufa. Shangazi anasema ni baridi lakini anasema hivyo ili nisihuzunike. Ni mimi. Aliniambia bado kuna baridi, mimi nikaona watu wametoa kabichi nikafikiri amesahau. Nikayatoa mapema. Kama ningemsikiliza ungekuja.

Usimkasirikie shangazi, yeye hana kosa. Alipoyang'oa mizizi ilikuwa myeupe, nikamwambia labda bado yako hai. Akasema hapana. Yeye anajua.

Kama kuna mengine dirishani kwa bibi, naomba utume. Moja tu linatosha. Sitaligusa. Nitaliacha ndani hata siku za joto, hata watu wote wakitoa ya kwao, mpaka wewe mwenyewe useme sasa hakuna baridi.

Samahani Mama.

Luan Xiaoman